Herufi moja ilivyofunga duka la dada yangu

Huenda nyumbani kwako hamna kompyuta ya mezani. Lakini hapana shaka umewahi kusimama mbele ya moja, katika duka la steshenari, ukingoja barua yako ipigwe chapa au fomu ya mwanao ijazwe. Leo nataka kukusimulia habari za kompyuta moja ya namna hiyo, iliyoko Lugoba, na jinsi mimi, mtu ninayepata riziki yangu kwa kusoma na kuandika, nilivyoinyamazisha kwa sababu ya kushindwa kusoma herufi moja tu. Nasimulia kwa haya, lakini naona ni afadhali haya yangu ikufae kuliko kuifungia moyoni.

Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Moshi huifikia Lugoba baada ya kuiacha Chalinze, kabla ya kufika Msata. Abiria wengi huiona kwa dirishani tu: malori ya kokoto yanayotoka kwenye machimbo ya mawe, vumbi jeupe juu ya majani, na maduka yaliyojipanga kando ya barabara kuu. Katika mojawapo ya maduka hayo dada yangu mkubwa aliweka kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika kwingine, printa moja, na mashine ya fotokopi. Walimu humletea mitihani ya kupigwa chapa. Vijana wa machimboni huandikiwa barua za kuomba kazi. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wameweka hesabu zao humo. Duka hilo ndilo lililowasomesha wanawe, na binti yake, aliyekuwa akingoja matokeo ya kidato cha sita, ndiye aliyekuwa akiketi mbele ya kompyuta kutwa nzima.

Binti huyo ndiye aliyenipigia simu. "Shikamoo mjomba," alisema. "Kompyuta imekuwa nzito. Nikifungua ukurasa wa maombi ya mikopo na hesabu za kikundi kwa pamoja, inasimama mpaka wateja wanaondoka."

Nilimjibu kwa sauti ya mtu ajuaye. "Hiyo ni ramu tu, mwanangu. Nakuja nayo."

RAMU NI NINI?

Kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hilo, ramu ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mfikirie fundi cherehani. Ana kabati anamotunza vitambaa, na ana meza anayokatia nguo. Kabati ndiyo diski, ambamo barua na hesabu hukaa hata umeme ukizimwa. Meza ndiyo ramu: humo kompyuta hutandika kazi inayofanywa sasa hivi, na umeme ukikatika meza huwa tupu. Meza ikiwa ndogo, fundi hushinda akiondoa kitambaa kimoja na kurudisha kingine kabatini, na kazi haiendi. Kompyuta ya dada yangu ilikuwa na ramu ya gigabaiti 4, nayo ilikuwa meza ndogo kwa kazi iliyopewa. Hadi hapo, ndugu msomaji, nilikuwa sahihi.

Kosa langu lilianzia Kariakoo. Niliingia katika duka moja nikaomba ramu ya kompyuta ya mezani, aina ya DDR3, gigabaiti 8. Muuzaji akanitolea moja, akataja bei, nami nikaguna. Akafungua kasha jingine, akatoa nyingine ya gigabaiti zile zile kwa karibu nusu ya bei. Nilizishika zote mbili mkononi. Urefu sawa, meno sawa, pengo kati ya meno mahali pale pale. Nikachukua ya bei nafuu na kujisifu moyoni kwamba nimewahi.

FENI ZAZUNGUKA, SKRINI GIZA

Nilifika Lugoba siku ya Ijumaa adhuhuri, nikiwa katika likizo fupi. Dukani palikuwa na wateja wanne, wawili wao vijana waliokuja kukamilisha maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo siku zake za mwisho zilikuwa zimekaribia. Nikawaambia waketi dakika kumi. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaona vumbi la mawe limetanda ndani kama unga wa muhogo. Nikaipangusa. Nikaichomoa ramu ya zamani ili niyasafishe meno yake, nikairudisha, na kando yake nikachomeka ile mpya. Nikawasha.

Feni zikazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha ndani ya kasha ikatoka sauti ya mlio mmoja, kimya, mlio mwingine, kimya.

Nikazima, nikawasha tena. Mambo yakawa yale yale. Nikaitoa ramu mpya na kuiacha ile ya zamani peke yake, nikiwa na hakika kwamba sasa kompyuta itaamka kama ilivyoamka asubuhi. Haikuamka. Mlio ule ule, giza lile lile.

Hapo ndipo akili iliponitoka. Nikabadili waya wa skrini. Nikachomoa waya za diski na kuzirudisha. Nikang'oa betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, nikairudisha. Nilifanya mambo sita kwa mpigo, hata kama moja lingefaa nisingelijua. Saa kumi na moja jioni wale vijana wawili walipanda bodaboda kwenda Chalinze kutafuta duka jingine. Mmoja wao aliniambia, "Pole, mzee." Nina umri wa miaka thelathini na sita, lakini siku ile neno lile lilinistahili.

Dada yangu hakuuliza habari za mashine. Aliuliza, "Na hesabu za kina mama?" Nilipaswa kumwambia kwamba hesabu ziko kwenye diski, na kwamba ramu ikitolewa au ikiharibika haichukui hata ukurasa mmoja. Nilikuwa ninalijua hilo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuogopa, na mtu mwenye hofu hawezi kumtuliza mwingine.

Badala yake nilimgeukia mpwa wangu nikamwuliza, mbele ya mama yake na mbele ya jirani aliyekuja kununua kalamu, "Wewe ulifanya nini jana na mashine hii? Uliifungua?"

Akasema, "Sikuifungua, mjomba."

"Haiwezi kufa bure. Kuna kitu ulichokigusa."

Hakujibu. Alikusanya karatasi zilizokuwa mezani, akazilinganisha kwa vidole, akaziweka kwenye droo, akatoka nje. Usiku ule nilimsikia dada yangu akimwambia kwamba duka likifunguliwa tena atatafutwa mtu mwingine wa kukaa kwenye kompyuta, na yeye atamsaidia mama yake jikoni na shambani.

Jumamosi yote duka lilifungwa. Fundi mmoja niliyempigia simu alikuwa safarini, akaniahidi Jumatatu. Dada yangu alisimama mlangoni akiwarudisha wateja mmoja mmoja. Nilizihesabu nyuso zile. Fedha za siku moja dukani si nyingi, lakini ndizo zinazonunua mchele wa siku ile.

NYUMA, HATUA KWA HATUA

Jumapili alfajiri niliamka nikamkuta mpwa wangu amekaa mbele ya kompyuta iliyo wazi. Hakuwa ameigusa. Aliniamkia, kisha akasema, "Mjomba, naomba nikuulize. Siku ya Alhamisi ilikuwa inafanya kazi. Tukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa Alhamisi, si inapaswa kufanya kazi?"

Nikamwambia kwamba nimekwisha kurudisha.

"Basi tukague kimoja kimoja," akasema.

Nikakubali, na leo namshukuru Mungu kwamba nilikubali. Tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Tukagusa bati tupu la kasha, kwa maana mwili wa binadamu hubeba umeme mdogo ambao hatuuhisi, nao huweza kuua chipu. Tukaanza na waya wa skrini, tukaja kwenye waya za diski, halafu betri. Kila kimoja kilikuwa mahali pake. Tulipofika kwenye ramu ya zamani, akainama, akaiangalia kwa ubavu.

"Mjomba, kishikizo cha upande huu kimefunga. Cha upande ule mbona kimesimama?"

Niliinama nami. Ilikuwa kweli. Nafasi ya kuchomekea ramu ilikuwa na kishikizo kila mwisho, na ramu ikikaa sawasawa, vishikizo vyote viwili hujifunga vyenyewe kwa sauti ya "ta!" Mimi, kwa papara ya kutaka kuonekana fundi mbele ya wateja, niliikandamiza upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa umeinuka kwa unene wa ukucha. Tangu Ijumaa haikuwa imekaa, na kila nilipoiangalia niliona nilichotaka kukiona.

Tukaichomoa. Akafuta meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, akayapangusa kwa kitambaa safi kikavu. Kisha akaweka vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, akabonyeza. Ta! Ta! Tukawasha.

Kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi, skrini ikawaka, ikatuandikia kwamba saa na tarehe havikuwekwa, nasi tubonyeze F1 ili iendelee. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kung'oa betri: mashine ilikuwa imesahau mwaka. Na jambo hilo si dogo, kwani tulipojaribu kufungua ukurasa wa maombi ya mikopo ulikataa, ukidai kwamba mawasiliano si salama. Kurasa za namna hiyo hutumia hati za utambulisho zenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa huziona hazijaanza kutumika. Tukarekebisha tarehe, ukurasa ukafunguka. Hesabu za kina mama zilikuwepo, hata senti haikupungua.

"R" NA "U"

Likabaki swali la ramu mpya. Tuliiweka peke yake, tukahakikisha vishikizo vyote vimefunga, tukawasha. Mlio, kimya, mlio, kimya. Tukaihamishia nafasi ya pili. Vile vile. Mpwa wangu akaziweka ramu mbili juu ya karatasi nyeupe, akaanza kusoma lebo zake kwa sauti kama asomaye imla. "Hii ya zamani imeandikwa PC3-12800U. Hii mpya imeandikwa PC3-12800R. Mjomba, R ni nini?"

Sikuwa nikijua. Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja afanyaye kazi ya mitambo ya kompyuta mjini, akacheka kabla sijamaliza. Herufi U, alieleza, ni ya ramu za kawaida za kompyuta za mezani. Herufi R ni ya ramu za mitambo mikubwa ya kuhifadhia habari, zile kompyuta zinazokaa katika vyumba vya baridi vya mashirika. Ramu hizo zina chipu ya ziada inayopokea amri za mtambo na kuzipanga kabla hazijafika kwenye kumbukumbu, na mazabodi ya kawaida haielewani nayo. Mitambo hiyo ikizeeka huvunjwa, ramu zake zikauzwa kwa bei ya chini. Umbo lake ni lile lile, huingia bila kulazimishwa. Lakini kompyuta inapowashwa hujikagua kwanza, na isipopata kumbukumbu inayoelewana nayo haiendelei hata kufikia kuonyesha picha. Hulia tu, na mlio ule ndio lugha yake ya kusema, "Sioni ramu."

Kwa hiyo yalikuwa makosa mawili, yakivaa sura moja. La kwanza lilikuwa ramu isiyofaa. La pili lilikuwa ramu inayofaa iliyokaa vibaya. Nilipoliondoa la kwanza, la pili likabaki likitoa mlio ule ule, nami nikahukumu kwamba mashine imekufa na kwamba mtoto wa watu ndiye aliyeiua.

Ndugu msomaji, kazi yangu gazetini ni pamoja na kusahihisha. Nimewahi kurudisha habari ya kijana wa mafunzo kwa sababu ya herufi moja iliyogeuza "kufa" kuwa "kufaa". Muuzaji wa Kariakoo hakunificha lolote. Lebo ilikuwa mbele ya macho yangu. Sikuisoma kwa sababu bei ilikuwa imekwisha kunisomea.

Nilimwita mpwa wangu, nikamwita na mama yake, na kwa kuwa jirani yule wa kalamu alikuwa amepita tena, nikamwita naye. Nikasema, "Ijumaa nilimsingizia huyu binti mbele yenu. Kosa lilikuwa langu, na aliyelitengeneza ni yeye. Nisamehe, mwanangu." Dada yangu alitazama chini. Kwetu si kawaida mjomba kumwomba radhi mpwa, na baadhi ya wazee wangesema kwamba nimejishusha. Lakini nilimshusha yeye hadharani. Ningemwinulia wapi, chumbani?

Akasema, "Yamekwisha, mjomba." Kisha akamwuliza mama yake, "Nifungue duka?" Dada yangu akampa ufunguo.

MASHINE HULAUMIWA MAPEMA

Jambo hili limenikumbusha historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya fedha nyingi kuliwa na mitambo ambayo hatukuwa na wataalamu wa kutosha wa kuiendesha na kuitengeneza. Baadaye milango ilifunguliwa, na leo mashine hizo zimefika Lugoba kando ya malori ya kokoto. Zimefika, lakini ujuzi wa kuzitunza bado wengi wetu tunauachia "fundi atakayekuja Jumatatu", hali binti mwenye macho makini yumo ndani ya nyumba.

Basi, ikiwa nawe unataka kuongeza ramu katika kompyuta ya nyumbani au ya dukani, nakupa niliyoyalipia. Kabla ya kununua, toa ramu iliyomo, nenda nayo dukani, na ulinganishe lebo herufi kwa herufi. DDR3 ina meno 240 na DDR4 ina meno 288, na mapengo yake hayako mahali pamoja, isiyoingia usiilazimishe. Lakini kuingia nako si ushahidi, kama ulivyoona kwa R na U. Uliza pia kama mazabodi yako inapokea kiasi unachotaka kuongeza, na kama programu kuu ya kompyuta ni ya biti 64, kwa maana ile ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiipa ishirini.

Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya hapo, usibadili mambo sita kwa mpigo. Chomoa umeme. Rudisha ya zamani peke yake, hakikisha vishikizo vimefunga, uwashe. Ikiwaka, mashine ni nzima. Jaribu mpya peke yake, nafasi moja baada ya nyingine. Sikiliza milio na uihesabu, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpango wake wa milio, na fundi atakuuliza. Usipulizie meno ya ramu kwa mdomo, mate ni maji. Na lile kasha la chuma linaloingiza umeme usilifungue kabisa, kwani hubaki na umeme hata likiwa limechomolewa.

Na kabla ya kumwuliza mtu, "Wewe uligusa nini?", jiulize kwanza wewe uligusa nini mwisho.

Wiki iliyofuata niliirudisha ramu ile Kariakoo, nikaongeza fedha nilizodhani nimeziokoa, nikapewa yenye herufi U. Sikwenda kuifunga mimi. Niliituma kwa basi, na jioni ile mpwa wangu akanipigia simu kwamba mashine inasoma gigabaiti 12 na wateja hawangoji tena. Nilipopita Lugoba baadaye, nilifungua ubavu wa kompyuta ili nione kazi yake. Ndani ya kifuniko alikuwa amebandika kipande cha karatasi, kwa mwandiko wake wa shule: aina ya ramu, tarehe iliyofungwa, na neno "PC3-12800U", ile U akiwa ameipigia mstari mara mbili.